Mikono Iliyoganda Hewani

Wapangaji wenzake walimwita Mizani, na hawakumwita hivyo kwa kejeli. Alikuwa muuza dawa katika famasi ya mtaa wa pili, mtu mwembamba wa miwani, asiyenunua kitu mpaka akipime. Alipotaka pasi alizunguka maduka yote ya karibu, akazinyanyua moja moja, akauliza waya una urefu gani na ikiungua nani atamrudishia, mpaka wauzaji wakawa wakimwona anakuja wanajifanya wako kwenye simu. Mkewe alizoea kusema, "Mimi mwenyewe sijui nilipitaje kwenye huo mzani." Lakini yeyote katika jengo lile aliyetaka friji, godoro au betri ya gari alianzia kugonga mlango wa Mizani.

Kwa hiyo mwenye nyumba aliporuhusu faiba, intaneti ya waya, iingie, hakukuwa na ubishi nani apewe kazi ya kuichagua. Mwenye nyumba alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupaka rangi jengo zima, akatoa sharti: kampuni moja tu ndiyo itakayotoboa kuta zake. Hakutaka kila mpangaji aje na fundi wake na drili yake. "Chagueni wenyewe," alisema, "ila mkishachagua, mmechagua."

Kampuni kubwa zilizokuwa zimefika mtaani ni mbili. Mabango ya moja yalikuwa ya njano, ya nyingine ya buluu, na watu waliziita kwa rangi zao, hawakujisumbua na majina. Mwenyekiti wa wapangaji, mama mmoja mwalimu wa chekechea aliyeendesha vikao kama anafundisha watoto kunawa mikono, akasema, "Mizani atazipima zote mbili, atatuletea jibu, na sisi tutanyoosha vidole. Tumeelewana?"

Watu wazima na ndevu zao wakaitika, "Tumeelewana."

Mizani aliifurahia kazi ile kuliko alivyoonyesha. Alianza na bei. Njano ilikuwa rahisi, tena si kidogo, lakini alipombana wakala wao kwa maswali akagundua kuwa bei ile ni ya miezi ya mwanzo tu. Baadaye hupanda ikaipita ya Buluu. Buluu ilikuwa juu kidogo, lakini haibadiliki. Bei peke yake, alijiambia, ni ganda tu. Akaingia kwenye kasi.

Kinyozi wa jengo la jirani alikuwa na Njano. Mizani akaenda kunyolewa mchana, na siku nyingine akarudi jioni ilhali kichwani hamna cha kunyoa, akakaa kwenye kiti akipima kwa simu huku kinyozi akimpitishia mashine hewani kwa heshima. Kushusha, yaani kuangalia mpira na filamu, Njano ilikuwa inateleza. Lakini kupandisha, yaani kutuma picha yako wewe imfikie mwenzako, ilikuwa sawa na kupitisha godoro dirishani. Na jioni, watu wakirudi makazini, hata hilo dirisha lilikuwa kama limefungwa. Buluu aliipima kwa rafiki yake mpiga picha, mwenye studio karibu na soko. Kule kushusha na kupandisha vilikwenda sambamba, mchana na jioni. Jibu lilikuwa wazi, hata mtoto angelisoma.

Siku hiyo hiyo akapitia kwa Fundi.

Fundi alikuwa mshona nguo wa vyumba vya chini, mjane, kiziwi tangu utotoni. Watu aliowazoea aliwasoma midomo. Wengine aliwaandikia kwenye simu. Mke wa Mizani alikuwa amejifunza lugha ya alama kwake, kwa miaka ya kukaa pamoja wakishona vifungo na kusema watu bila kutoa sauti. Mizani mwenyewe aliokota alama chache tu: habari, asante, dawa, kesho. Binti pekee wa Fundi alikuwa ameolewa na masomo, kama walivyomtania, katika nchi ya mbali. Sasa alikuwa anaolewa na mtu. Binti yule anasikia vizuri, lakini kabla hajajua kutamka neno alijua kuongea na mama yake kwa mikono. Fundi aliomba viza ya kwenda harusini, akanyimwa. Basi wakakubaliana atazungumza na wageni kwa simu ya video. Atasema yake kwa mikono, na bibi harusi mwenyewe atawatafsiria watu ukumbini.

Mizani alipomuuliza anataka faiba ya namna gani, Fundi aliandika kwenye simu, akamgeuzia kioo: "Bei sijali. Nataka mikono yangu ifike."

Mizani akaweka kiganja kifuani, akatamka polepole ili amsome, "Itafika."

Na angeitimiza ahadi ile, kama si mdogo wake kuja.

Mdogo wake huyu Mizani ndiye aliyemlea tangu walipofiwa na mama yao. Alikuwa kijana mcheshi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni, lakini kazi ilikuwa imempiga chenga kwa muda mrefu; kochi la sebuleni kwa kaka yake lilikuwa limeshachukua umbo la mgongo wake. Jumapili ya kikao aliingia amevaa fulana ya njano, mpya, ina mikunjo ya dukani.

"Kaka, nimepata," alisema. "Wananijaribu kwanza. Nikiwapelekea jengo zima, wananiajiri. Nikikosa, pasha kochi moto, narudi."

Mizani alimpongeza, akaikazia macho ile fulana. Mdogo wake alikuwa anamjua.

"Nasikia wewe ndiye mzani wa hapa."

"Nimeshazipima," alisema Mizani. "Yenu kupandisha ni kubovu, mdogo wangu. Jioni ndiyo kabisa. Na hiyo bei yenu ni mbuzi kwenye gunia."

"Kaka, nani hapa anapandisha? Watu wanaangalia mpira, watoto wanaangalia katuni. Nani ataona?"

Mizani alimfikiria Fundi, lakini hakumtaja. Hilo ndilo lililokuja kumsumbua sana baadaye: kwamba alimfikiria, waziwazi, na vidole vyake, na kioo cha simu alichomgeuzia, halafu hakumtaja.

"Sikuambii useme uongo," mdogo wake aliendelea, sauti imeshuka. "Usituponde tu sisi wa Njano. Sema hazipishani. Basi. Wewe ukisema hazipishani, watu watafuata bei. Kaka, mimi nina umri gani? Mpaka lini nitaomba hela ya kunyoa?"

Kikao kilifanyika alasiri juu ya jengo, penye kamba za kuanikia nguo. Mizani alisimama kati ya mashuka ya watu. Alitaja bei za mwanzo. Kupanda kwa bei ya Njano alikutaja pia, lakini haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Fundi alikaa mbele, na mke wa Mizani akakaa mkabala naye amtafsirie.

"Tumeelewa bei," alisema mwenyekiti. "Na ubora je?"

Mizani alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Ubora," alisema akiliangalia tangi la maji, "hazipishani sana."

Mkewe akayachukua maneno yale jinsi yalivyotoka, akampa Fundi kwa mikono: hazipishani sana. Fundi akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na mwenyekiti alipoita Njano, naye akanyoosha kidole. Alimtazama Mizani akatabasamu, kama mtu anayemshukuru mwenzake kwa kumtua mzigo.

Njano ikafungwa. Mdogo wake akaajiriwa, akaja na zawadi ya shati kwa kaka na kitenge kwa shemeji, akachukua na mto wake kutoka kwenye kochi. Watoto wa jengo walishangilia katuni zisizokatika, na watu walimpigia Mizani saluti kwenye ngazi. Kila saluti aliipokea huku anashuka upesi zaidi. Lile shati hakulivaa. Alisema linambana, ingawa lilimkaa vizuri.

Haikuchukua muda mrefu Fundi akaanza kulalamika. Binti yake anamwambia kuwa kwenye video picha yake inaganda. Mizani alishuka na uso wa mtaalamu, akaitoa ruta, kile kisanduku cha faiba, nyuma ya kabati, akaiweka dirishani. "Labda ni ukuta," alisema. Wiki iliyofuata akaihamishia juu ya cherehani. "Labda ni hii mashine." Alijaribu na mtandao wa simu, lakini vyumba vile vya chini hata simu ya kawaida mtu aliipokelea mlangoni. Fundi alimtengea kiti kila alipokuja, akamwambia asante kwa alama, ile aliyoijua. Roho ilimsuta mpaka akawa anapita mlango wa nyuma.

Dawa ya jambo lile alikuwa nayo. Angeweza kumwambia Fundi, siku ya harusi twende studio kwa rafiki yangu, kule ni Buluu, mikono yako itafika mizima. Lakini angeulizwa amejuaje kuwa kule ni kuzuri. Kila alipotaka kufungua kinywa, aliliona swali lile limesimama mlangoni linamngoja. Akajiambia huenda siku hiyo mtandao ukatulia. Funika kombe mwanaharamu apite. Mtu aliyepima pasi kwa siku nzima akaamua kubahatisha harusi ya mtoto wa mwenzake.

Harusi ikaangukia Jumamosi, jioni.

Fundi alikuwa amejishonea gauni la zambarau, mikono yake mifupi ili viganja vionekane vizuri. Alitundika shuka jeupe nyuma yake. Majirani walijaa chumbani, wengine wamekalia mafurushi ya vitambaa. Kwenye kioo cha kompyuta ukumbi wa mbali ulionekana safi, kila ua, kila kifungo cha bwana harusi. Bibi harusi alisimama na kipaza sauti, akampungia mama yake, na watu chumbani wakavuta pumzi kwa pamoja, kwani alikuwa amependeza kupita kiasi.

Fundi akaanza. Mke wa Mizani aliwatafsiria majirani kwa sauti ya chini: jinsi binti alivyokuwa mchanga, jinsi Fundi alivyolala ameweka kiganja juu ya kifua cha mtoto, kwa sababu kilio chake asingekisikia, angekihisi tu. Kule ukumbini binti alianza kuyasema hayo hayo kwenye kipaza sauti. Kisha akasimama. Akasogea karibu na kioo, akakunja uso.

Mizani alijua kabla ya wote. Alitoka mbio. Alipanda ngazi anagonga milango. "Zimeni faiba! Zimeni kidogo, tafadhali!" Wengine walizima wakidhani ni moto. Mama mmoja alizima hadi taa. Jamaa wa juu kabisa alifungua mlango nusu, nyuma yake watu wanapiga kelele za mpira. "Dakika za mwisho hizi, Mizani. Labda unizime mimi." Mizani alimsihi mpaka akakaribia kupiga magoti. Jamaa akazima kwa hasira. Lakini msongamano haukuwa wa jengo lao peke yake, ulikuwa wa mtaa mzima, na mtaa mzima hauna mlango wa kugonga.

Aliporudi chini anahema, Fundi alikuwa bado anazungumza. Hilo ndilo lililomkata maini. Mikono yake ilikuwa inakwenda, mizuri, mipesi, na kwenye kona ya kioo picha yake ndogo ilikuwa inakwenda vilevile, kwa hiyo hakuwa na habari kwamba upande wa pili ameganda na mikono hewani. Kushusha kulikuwa safi kabisa. Aliwaona wageni vizuri sana. Aliwaona wakiangaliana. Alimwona kijana mmoja akificha kicheko kwa kitambaa cha meza. Akamwona mshereheshaji akichukua kipaza sauti mkononi mwa binti yake, na kwa kuwa alisema kwa Kiswahili, polepole, akiielekea kamera, akayasoma maneno yake: "Tumshukuru mama, naona amemaliza." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Binti peke yake hakupiga. Alikuwa anatikisa kichwa, analia, anamwonyesha mama yake kwa alama: sikuoni, mama, sikuoni.

Fundi akashusha mikono polepole, akailaza mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichoazimwa.

Baadaye aliifunga kompyuta, akawashukuru majirani mmoja mmoja mlangoni, akaanza kupanga viti. Mizani alikwenda kumsaidia. Fundi akamgusa bega na kumwandikia kwenye simu: "Si kosa lako. Ulijitahidi."

Mizani alipanda kwake, akakaa kitandani na viatu. Mkewe aliingia nyuma yake.

"Unaumwa?"

"Nilijua," alisema Mizani. "Niliipima Njano, nikaona kupandisha ni kubovu. Jioni hasa. Nilijua kabla ya kikao."

Mkewe alisimama pale pale. Aliitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuzageuza.

"Kumbe mimi ndiye niliyemdanganya," alisema. "Ulisema kwa mdomo, lakini yeye uongo huo ameupata kwenye mikono yangu hii."

"Mke wangu..."

"Kwa ajili ya mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Ungeniambia. Tungemlisha huyo mdogo wako mpaka aote mvi, kwani tulishindwa lini?"

Kesho yake Mizani alimwomba ashuke naye amtafsirie. Mkewe akakataa katakata. "Alama nitakufundisha. Kusema utasema mwenyewe." Wakakaa mezani asubuhi nzima. Nilijua. Nilikuficha. Nilisema uongo. Alikuwa mzito wa vidole, na mkewe alimrudisha mwanzo bila huruma, kila mara.

Fundi alikuwa anashona alipoingia. Alisimamisha cherehani, akamwonyesha kiti. Mizani hakukaa. Alianza kwa mikono, na mara ya kwanza alikosea, akasema amesahau badala ya kusema alijua. Fundi akatabasamu, akapunga mkono kumaanisha si neno, watu husahau. Mizani akatikisa kichwa kwa nguvu. Akaanza upya. Nilijua. Njano ni mbovu. Nilijua kabla. Nilikuficha.

Tabasamu la Fundi halikuondoka mara moja; lilififia kidogo kidogo, kama nguo inayochuja. Akauliza kwa alama moja ambayo hata Mizani aliielewa: kwa nini?

Mizani akajibu: mdogo wangu, kazi.

Fundi akageuka, akampa mgongo, akakanyaga cherehani. Kwa mtu asiyesikia, kukupa mgongo ni kukufungia mlango na kuondoka na ufunguo. Mizani alibaki amesimama na maneno yake vidoleni, mengine aliyofundishwa hakuyafikia: samahani ilikuwa ya mwisho. Akatoka.

Alimpigia simu mdogo wake, akamweleza kuwa jioni ile anakwenda kusema kweli mbele ya wapangaji.

"Kaka, utanichinja."

"Nitasema nilichokifanya mimi. Wewe sikutaji."

"Wana macho! Fulana yangu wameiona!" Akakata.

Kikao kile kilikuwa kifupi na kichungu. Mizani aliwaambia alichopima, alichokiona na alichowaficha, safari hii anawaangalia usoni. Jamaa wa mpira akasema, "Kwa hiyo pasi unaipima, sisi hutupimi." Mwenyekiti hakusema kitu cha chekechea. Alisema tu kwamba kuanzia siku hiyo atakayepima atapima na mwenzake, na watu wakanyoosha vidole. Hakuna aliyemtukana. Alitamani wangemtukana.

Ilibaki kwa mwenye nyumba. Mizani alikwenda mara ya kwanza akafukuzwa, ya pili akaachwa kizingitini, ya tatu mzee yule akasikiliza. Alikubali Buluu iingie, lakini kwa Fundi peke yake, na Mizani ndiye atakayeziba matundu na kupaka rangi. Alipaka ukuta wa nje wa vyumba vya chini akiwa na ndoo na brashi, wapangaji wakipita na kumsalimia kwa mkato. Rangi haikulandana na ile ya zamani. Ilibidi arudie ukuta wote. Fundi alipita mara kadhaa na vitambaa vyake, akimkwepa kama mtu anavyokwepa ngazi iliyoegeshwa.

Mdogo wake hakufukuzwa. Alihamishiwa mtaa mwingine, akaacha kumpigia kaka yake simu kwa muda mrefu, na alipokuja tena alikuja kumwona shemeji yake. Siku ile alikaa ukingoni mwa kochi, hakuegemea. Walizungumza habari za hali ya hewa kama wageni waliokutana hospitalini.

Buluu ilipoanza kufanya kazi, binti wa Fundi alimwomba mama yake amwambie yote aliyoyasema siku ya harusi, tangu mwanzo. Hakukuwa na ukumbi wala mshereheshaji. Fundi alivaa lile gauni la zambarau, akamwita mke wa Mizani akae naye. Mizani alibaki juu, anakunja nguo zilizoanuliwa, anasikiliza jengo lililotulia. Mkewe aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Ilifika?" aliuliza Mizani.

"Ilifika yote."

"Alisema nini?"

Mkewe alichukua upande wa pili wa shuka, wakalikunja pamoja, pembe kwa pembe.

"Hayo hukualikwa," alisema kwa upole.

Jumatatu, famasini, Fundi alikuja kununua dawa ya mgongo. Hakuandika kwenye simu kama alivyowaandikia wauza dawa wote. Aliiweka simu mfukoni, akamwambia shida yake kwa mikono, taratibu, akirudia pale alipoona hakuelewa. Hakutabasamu. Mizani alizunguka kaunta, akasimama mbele yake, akamwangalia vidole mpaka alipomaliza.